Ndege Niliyemkata kwa Mkasi

Niseme tangu mwanzo: mimi si mtu wa porini. Nilikuwa fundi wa picha Biryogo, hapa Kigali, kazi yangu picha za vitambulisho na za arusi. Mara mojamoja nilifuatana na wageni wa madamu mmoja aliyepeleka watalii mbugani, nikawapigia picha za ndege. Vita vilipoanza mbuga ikafungwa, wageni wakakata mguu, na madamu akaamua kuhamia Arusha.

"Nafasi iko moja tu," alituambia, mimi na fundi mwenzangu. "Mwenye ataniletea ile ndege nyekundu, jicho yake ionekane, nitamuchukua na bibi yake."

Ndege yule tulimjua kwa sauti. Anakaa vichaka vya migunga, mweusi mgongoni, tumbo jekundu la kuwaka, na hatoki nje hata umlipe. Dume akilia, jike anamdakia papo hapo, unadhani ni ndege mmoja. Wageni walikuwa wakimsikia kutwa nzima, wakarudi hotelini na picha za majani.

Arusha yenyewe mimi sikuitaka. Niliitaka kwa ajili ya mke wangu. Kitambulisho chake kilikuwa kimeandikwa kabila ambalo askari wa vizuizini walilitazama mara mbili, na kila alipokwenda sokoni Kicukiro nilikaa roho juu mpaka arudi. Yeye akawa ananitania. "Wenzangu wanaolewa kwa ng'ombe, mimi nitaokolewa na kindege!" Alicheka, lakini sanduku alishalifunga.

Mara nne nilikwenda vichakani, ng'ambo ya Gahanga, upande wa Bugesera. Mara nne nikarudi mikono mitupu, nimejaa miiba na hasira. Mara ya tano zilikuwa zimebaki siku mbili madamu aondoke. Asubuhi ile, kabla sijatoka, walikuja baba, mama na binti yao, wanataka picha za pasipoti za haraka. Nikawapiga kwa filamu ileile iliyokuwa ndani ya kamera, maana siku hizo filamu haikuwa kitu cha kuchezea, nikawaambia warudi saa kumi.

Nililala kifudifudi chini ya mgunga mpaka mbavu zikafa ganzi. Saa sita na ushee jike akajibu karibu kabisa na sikio langu, na dume akatua kwenye tawi kavu, peupe, kifua mbele kama bwana arusi. Nikapiga. Ili nipige ya pili ilibidi nivute wenzo wa kusogeza filamu, na wenzo wangu ulikuwa unakwaruza, ungemfukuza. Nikauacha. Akaruka mwenyewe. Haidhuru, nilishampata! Nililia palepale chini, sisemi uongo.

Nikarudi mbio. Wale watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi langu, mama ameshika rozari. "Fundi, ofisi inafunga." Nikaingia chumba cha giza.

Sisi mafundi wa mtaani hatukuwa tunasubiri filamu iishe. Unafungua kamera gizani, unakata kipande kilichokwisha kupigwa, unakisafisha, na kilichobaki unakirudisha kazini. Ili usikate picha ya mtu, ukishampiga mteja unavuta wenzo hapohapo. Mkono wangu ulikuwa na mazoea hayo ya miaka kumi, hata haukuwa unaniuliza. Nikapapasa, nikakata. Kumbe ndege wangu alikuwa bado amekaa nyuma ya lenzi, kwa sababu kule porini sikuvuta. Mkasi ulimpita katikati.

Nilimwona filamu ilipokauka: mkia, mguu mmoja, nusu ya tumbo. Kichwa kilibaki kwenye kipande cha pili, na kipande kile nilikuwa nimeshakivuta kwenye mwanga nikikirudisha katika kamera. Mjinga mimi! Zile za pasipoti zilitoka safi, hata nywele za binti ungeweza kuzihesabu. Baba mtu akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Nilitamani kumtukana, masikini wa Mungu, na hana kosa lolote.

Kesho yake nilikwenda tena. Kwenye daraja la kuvukia Bugesera askari waliitazama lenzi yangu ndefu, wakaniuliza nampelelezea nani, wakanirudisha. Nikampelekea madamu nusu ya ndege. "Kazi nzuri," akasema, "lakini jicho iko wapi?" Nilimpigia magoti, mwanamume mzima. Akasema pole, mwenzangu amekwisha kuleta ya kwake.

Nilipomweleza mke wangu hakunilaumu. "Ajali haina kinga, bwana," akasema, akafungua sanduku, akaanza kutundika nguo zake kwenye misumari, moja moja. Hilo ndilo lililoniuma. Laiti angenipigia kelele.

Wale watatu walivuka mpaka wiki ileile. Walinitumia salamu kwa dereva wa lori.

Sisi Aprili ya mauaji ilitukuta Biryogo. Wale wa vizuizini walikuja mchana, wakamwita mke wangu kwa jina lake kamili. Nilikuwa nimeshasimama. Akanigeukia, akaniambia nibaki ndani, kitambulisho changu hakina shida, wasije wakatumaliza wote wawili.

Nikabaki ndani.