Mpima Karafuu Alipoinuka Barazani

Kila asubuhi, kabla ya kupima gunia la kwanza, ami yangu Duni Ame huweka mikono nyuma ya mgongo na kusimama mbele ya mizani tupu. Anangoja sindano itulie juu ya sifuri. Kisha hurudi nyuma hatua moja, ili mwenye karafuu aione kwa macho yake. Ndipo husema, "Bismillahi, lete." Miaka kumi na minane amefanya hivyo, na hakuna mkulima aliyewahi kudai gunia lake lipimwe tena, isipokuwa mara moja, mwaka 1970. Mara hiyo ilitokana na karata.

Baada ya sala ya alasiri Ami Duni hucheza wahedi wa sitini kwenye baraza ya nyumba yetu, Mkunazini. Wanacheza wanne, wawili kwa wawili. Karata ni arubaini, pointi mia na ishirini. Wenye kufikisha sitini na moja wameshinda. Karata zilizokwishachezwa hufudikizwa, na hakuna ruhusa ya kuzitazama tena. Ami hana haja ya kuzitazama. Anajua ree ngapi zimetoka, saba ipi imebaki, na turufu zi mikononi mwa nani.

"Nnahesabu tu," husema. "Arubaini si nyingi."

Baraza yetu ina desturi yake: mshindi haondoki. Anayefungwa ndiye anayempisha mwengine. Anayeinuka hali ameshinda huitwa mkimbizi, na huimbwa wiki nzima.

Simai, seremala wa majengo mapya ya Michenzani, alifungwa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alizinyanyua karata zetu mbele ya watu. Zilikuwa zimechakaa kweli, maana mpya hazikuwa zikipatikana madukani.

"Kila moja ina kovu lake," alisema. "Bwana huyu anazisoma migongo! Na mtu wa alama kwenye karata, mizani yake je?"

Watu walicheka. Kesho yake mkulima wa Kitope, huku akitazama chini, aliomba gunia lake lipimwe mara ya pili. Ami alilipima. Uzito ulikuwa ule ule. Usiku ule hakula.

"Lete karata zako mwenyewe," alimwambia Simai.

Simai alizipata kwa baharia mmoja, pakiti haijafunguliwa. Ijumaa baraza ilijaa hadi njiani. Mimi, niliyekuwa likizoni kutoka chuoni Dar es Salaam, nilikaa ukumbini nyuma ya mlango ulio wazi nusu, kitabu mapajani, na sikufunua hata ukurasa. Nilielewa kilichokuwa hatarini. Ami akifungwa kwa karata mpya, wataamini kwamba zile za zamani zilikuwa na alama.

Mwenzake alikuwa Jaku, kinyozi. Walishinda bao la kwanza, la pili, la tatu.

"Zina alama hizi?" Jaku alimwuliza Simai. "Au umezichora wewe njiani ukasahau?"

"Cheza, kinyozi! Usininyoe kabla ya wakati."

La nne lilikuwa gumu. Karata ya mwisho ya Simai ilikuwa saba ya pau, pointi kumi nzima. Jaku aliila kwa turufu na kuruka kwa furaha. Sitini na nne kwa hamsini na sita.

Ami Duni akainuka. Aliweka mikono nyuma ya mgongo.

"Basi," alisema.

"Basi nini? Magharibi bado!" Simai alipiga kelele. "Kaa chini, mkimbizi!"

Baraza nzima ilidakia: mkimbizi, mkimbizi! Jaku alimvuta kanzu. "Duni, watatuimba mpaka Idi!"

"Waimbe. Simai, mabao manne kwa karata zako. Zitazame migongo."

Simai alizigeuza moja moja, zote arubaini, polepole, watu wakimchungulia begani.

"Hazina kitu," alisema mwishowe. Halafu, kwa sauti ndogo: "Na mizani yako haina kitu. Lakini umekimbia."

"Nimekimbia," alijibu Ami, na kicheko kikafika hadi barabarani.

Waliimba kweli, siku saba. Ami alipita katikati yao kichwa juu. Jumatatu yule mkulima wa Kitope alirudi na magunia mawili. Ami aliporudi nyuma hatua moja amwonyeshe sindano, mzee wa watu hakuitazama.

"Pima tu, Bwana Duni," alisema.

Nilikuwapo; nilikuwa nimempelekea chakula. Nilitamani chuo kizima cha Dar es Salaam kingekuwapo kumwona.

Jioni ile nilimmiminia kahawa, na nikajikaza kumwuliza jambo moja.

"Ami, ulijuaje kwamba hapo ndipo pa kuinuka?"

Alikunywa kwanza.

"Ile saba ya pau," alisema. "Mimi nilikuwa nshaihesabu kuwa imetoka."