Huyu wa Kichwa Nguvu

Juzi nilikuwa katika ofisi ya prefe, mkuu wa sekondari moja hapa Baraka, nikingoja buletini ya alama za mpwa wangu, alipoingizwa msichana wa darasa la tatu pamoja na mama yake. Chaki ya ubaoni ilikuwa bado mkononi mwa binti.

"Mama, mutoto wako iko na kichwa nguvu," prefe akasema. "Amekosea hesabu ku tablo, benzake banacheka, mwalimu anamuambia aende kuikala ku kiti, anakatala!"

Mama akamgeukia binti. "Kosa, umeisha kuiona?"

"Bado, mama. Nilikuwa karibu."

Mama akakaza kitenge kiunoni. "Prefe, kaka yake alikuwa na kichwa laini. Benzake balimuita Misisi ku machimbo ya dhahabu, akaitika, mupaka leo hajarudi. Huyu muniachie na nguvu yake."

Kila mkutano wa wazazi tunaimba kwamba tunataka vijana wasiokata tamaa. Akipatikana mmoja, tunamshitaki! Mimi niko upande wa chaki.

Prefe aliitazama hiyo chaki, akaguna. "Haya, rudi ku tablo."

Yule mkaidi alitii mbio.