Mahindi Yangu Kwenye Uwanja wa Mtaa

Mimi ndiye niliyeanza kulima uwanja wa mtaa wetu. Ninaliandika hili mapema kabla hajatokea jirani wa kulisema kwa niaba yangu, maana hapa Mbeya watu wana kumbukumbu nzuri sana ya makosa ya mwalimu mstaafu. Nilipanda mistari sita ya mahindi, maharage katikati, upande unaopakana na ukuta wangu. Mwaka wa pili jirani yangu, bibi wa Kinyakyusa ninayepakana naye ukuta, alifuata na mistari yake. Mwaka wa tatu uwanja mzima ulikuwa kijani, ikabaki njia ya miguu tu ya kukatisha kwenda bombani.

Mgeni atashangaa. Huku kwetu mvua ikianza, ardhi iliyokaa bure inatuwasha mikono. Tunalima kando ya reli, tunalima nyuma ya zahanati, tunalima hadi kwenye miguu ya nguzo za umeme. Ukiacha kipande mbele ya nyumba yako bila kukigusa, watu watakuja kukuuliza kama unaumwa. Kwa hiyo siombi radhi kwa sababu ya jembe. Ninachokiri ni kwamba nililipeleka mahali ambapo nilikuwa nimeapa kupalinda.

Kiapo chenyewe nilikila Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, nilikozaliwa. Tulikuwa na uwanja kati ya nyumba zetu na barabara kuu. Nilichezea netiboli pale hadi magoti yakawa na makovu, na mtaa mzima ulifanyia pale mikutano, harusi na misiba. Nilipokuwa tayari nafundisha Mbeya, nikasikia uwanja umegawiwa, yamejengwa magereji na maegesho ya malori. Wazee wa mtaa walikuwa wamekubali, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Nilipompigia simu alinijibu kwamba si ulikuwa unakaa bure tu. Nikakata simu, kwa sababu baba yangu hakuwa mtu wa kujibiwa.

Kisha mama akafariki. Turubai halikuwa na pa kusimama. Nusu yake tuliifunga uani, nusu ikatokea kando ya barabara, na wanawake wakakaa juu ya kokoto, magoti kidevuni, khanga zikipeperushwa na kila lori lililokuwa linajiandaa kupanda mlima. Madereva walipiga honi ili watu wasogeze miguu. Mchungaji alikuwa akisoma mstari, ananyamaza lori lipite, anaanza upya. Sikumbuki mahubiri hata neno moja, nakumbuka honi.

Jioni baba alinijia pembeni akasema, "Nimekosea, mwanangu." Nikamjibu, "Kamwambie mama." Ni jibu baya kumpa mzazi siku kama ile, na mpaka leo silirudishi. Nilirudi Mbeya nimeapa kwamba uwanja wa mtaa wangu hautaliwa mbele ya macho yangu.

Sasa nieleze ilikuwaje nikaula mwenyewe. Mume wangu alipofariki, tulimlilia kwenye uwanja wetu wa Mbeya siku tatu. Watu walijaa, wakakaa kwa nafasi, sufuria zikapikiwa upande mmoja na wanaume wakaota moto upande mwingine. Baada ya kuondolewa turubai yalibaki mashimo ya nguzo, na mashimo yale yalikuwa yakinitazama kila nikifungua dirisha. Wiki ya tatu nilishindwa. Nikachukua jembe, nikayafukia, na nilipomaliza kufukia sikuacha. Nililima hadi jua likanichoma shingo. Mvua zilikuwa karibu, mbegu zilikuwa ndani, nikapanda. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Miaka ikapita. Ikaundwa kamati ya jiji ya bustani na maeneo ya wazi, na mitaa yetu ikatakiwa kutoa mwakilishi mmoja. Walinichagua mimi kwa kuwa nina mdomo. Nilikwenda kikao cha kwanza nimevaa sweta yangu ya zambarau, nimebeba daftari jipya, nimejipanga kuwafundisha watu adabu.

Afisa mipango miji, mtu mpole mwenye tai iliyonyooka, alitupitisha kwenye orodha ya maeneo, picha moja moja ukutani. Utaratibu ulikuwa kwamba eneo lililopoteza matumizi yake lipendekezwe kubadilishwa, na lililobaki wazi litengewe miti na mabenchi. Alipofika kwetu akasema, "Hili limeshageuka shamba. Pendekezo ni vifremu vya biashara."

Nilisimama kabla hajamaliza. Nikawaambia pale ni mahali pa misiba, pa mikutano, pa watoto kucheza, na kama kuna mtu amelifanya shamba basi atajwe. Nilisema kwa sauti ya darasani, ile ya kumfikia aliyekaa nyuma kabisa.

Afisa alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaikuza picha. "Samahani mama," akasema. "Huyu anayepalilia hapa, mwenye sweta ya zambarau, tunamfahamu?"

Kikao kizima kilinigeukia, mimi na sweta yangu. Kicheko kilichofuata sitakisahau. Ningeweza kukaa chini nikaomba maji ya kunywa. Nikabaki nimesimama.

"Ni mimi," nikasema. "Na mahindi ni yangu. Na uwanja ni wa mtaa."

"Mama, sisi tunaandika tunachokiona."

"Basi njooni mwone tena."

Walinipa hadi Jumanne iliyofuata. Nilitoka pale nimeungua uso kwa aibu, lakini aibu ilikuwa kitu kidogo. Kilichonisumbua ni kwamba kokoto za Ipogolo zilikuwa zinanifuata, na safari hii aliyeziita si baba.

Ilikuwa Februari. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, yananuka utamu, bado kama mwezi tuanze kuchoma. Nilimfuata bibi jirani jikoni kwake nikamweleza yote, na kwamba hakuna njia ila kukata.

"Kukata nini?" akauliza.

"Mahindi. Yote. Kabla ya Jumanne."

Aliweka mwiko chini. "Mwalimu, we unaumwa? Mahindi yameshatoa mbelewele haya! Si tuwaambie tu tutavuna, tukishavuna tunaacha?"

"Na mwakani?"

"Mwakani si mwakani."

Nilimwambia kwamba mvua za mwakani zikianza atakuwa wa kwanza kutoka na jembe, na mimi wa pili. Alinifukuza jikoni. Na simlaumu, kwa sababu huku kwetu kukata mahindi mabichi ni kazi ya adui. Watu wamepelekana kwa mtendaji kwa sababu ya mbuzi aliyekula mabua matatu. Mtu mwenye akili zake hafyeki chakula kilichosimama.

Jumamosi asubuhi, jua limeshatoka na kila mtu yuko nje, nilichukua panga nikaingia kwenye mistari yangu. Nilitaka nionekane. Niliumia, nisidanganye. Kila bua lilipoanguka lilitoa ule mlio wa maji, na mahindi machanga, yenye ndevu laini, yakabaki chini kama vitu vilivyopotea. Watu walianza kusimama pembeni. Nikamsikia mmoja akisema mwalimu hajawa sawa tangu mumewe aondoke. Nikamwacha aseme. Nilipomaliza mstari wa sita nilileta kigoda, nikakaa katikati ya mabua yaliyolala, jasho likinitoka.

"Hapa ndipo mlipokaa mume wangu alipokufa," nikawaambia. "Nani hapa hakula chakula changu siku ile?"

Kisha nikawasimulia habari za Ipogolo, kokoto, honi, mchungaji aliyekuwa anaanza upya. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu Mbeya.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Kwa hiyo mimi nikifa," akasema, "watu wangu watakaa wapi?"

"Barabarani."

"Hawa ndugu zangu wa Rungwe? Wanakuja na fuso mbili hao!"

"Barabarani," nikarudia. "Kama kwa mama yangu."

Akaingia ndani, na mimi nikajua nimeshindwa. Alipotoka alikuwa na panga, anatukana njia nzima. "Mhehe we, una roho mbaya. Roho mbaya kabisa. Mimi nataka watu wakae kwa nafasi kwangu, umenisikia? Wasibanane. Wanyooshe miguu." Akafyeka bua la kwanza kwa hasira kiasi kwamba lilinigonga begani.

Baada yake walikuja wengine. Hawakuja kwa kunipenda, walikuja kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na mtu wake aliyelala chini ya turubai pale, au alijihesabia kuwa siku moja atalala yeye. Wenye ng'ombe wakasomba mabua. Mwenye duka wa upande wa pili, aliyekuwa ameshajiona na fremu, alikata wa mwisho, Jumatatu jioni, bila kumsalimia mtu.

Jumanne kamati ilipofika, uwanja ulikuwa mtupu na mweusi, visiki vya mabua vimejaa. Tulikuwa tumeazima mabenchi ya kanisani na mikeka ya msikitini, tumekaa watu wazima kwa watoto, hatuna ajenda yoyote. Tulikaa tu. Afisa alizunguka, akainama akagusa kisiki kimoja, bado kina unyevu.

"Mmekata yote?"

"Andika unachokiona," nikamwambia.

Safari hii alicheka yeye, peke yake, na akaandika. Uwanja wetu ukabaki kwenye orodha ya maeneo ya wazi.

Msidhani iliishia hapo. Miezi baadaye walileta mchoro wa bustani. Ulikuwa mzuri, siwanyimi haki yao: njia za kupita, miti, na katikati duara kubwa la zege lenye maua na bomba la kurusha maji. Nilichukua kalamu yangu nyekundu, iliyokuwa imepumzika tangu nistaafu, nikalipiga duara lile alama ya mkasi, kama jibu lililokosewa.

"Mama, katikati ndiyo moyo wa bustani," akasema afisa.

"Bustani yenu ikae pembeni," nikamwambia. "Katikati tunalia."

Tulibishana vikao viwili. Akaniuliza kama kweli nataka jiji liache ardhi tupu isiyo na kitu chochote, na nikamjibu kwamba ndicho hasa ninachotaka, na kwamba hajui alivyo na bahati kunikuta nikikitaka, maana mtaani hakuna anayependa jembe kunishinda mimi. Miti ilipandwa ukingoni, mabenchi yakawekwa chini ya miti, na katikati pakaachwa majani.

Kila Novemba mikono bado inaniwasha. Mvua ya kwanza ikipiga, ile harufu ikipanda, nasimama dirishani nikihesabu mistari ambayo ingeingia. Mwaka juzi nilikuta mtu amechimbua kipande kidogo karibu na ukuta wa bibi, mashimo yamepangwa vizuri, mbegu ndani. Niliyafukia bila kuuliza. Kesho yake bibi alinisalimia kwa ukali kuliko kawaida, na hatukulizungumzia.

Bibi amefariki mwaka huu, msimu wa baridi. Nilikuwepo walipokuwa wanapima mahali pa kusimamisha nguzo, nikawaonyesha mwenyewe. Fuso hazikuwa mbili, zilikuwa tatu. Watu wa Rungwe walishuka wakilia kwa sauti ile yao inayosikika mitaa miwili, wakaingia uwanjani, wakaenea. Wanawake walitandika mikeka, wakakaa, wakanyoosha miguu mbele yao. Nilitembea kutoka mwanzo hadi mwisho nikiiangalia miguu ile, viatu vimevuliwa, soksi za baridi, na sikuona mtu hata mmoja aliyekunja goti kwa kukosa nafasi.

Zamu yangu ya kuaga ilipofika niliinama juu ya jeneza. Waliokuwa nyuma yangu walidhani nasali. Nilikuwa namwambia kwamba wamekaa kwa nafasi wote, na hakuna lori lililowapigia honi.