Kompyuta Iliyozibwa Pumzi

Raili Heiskanen alikuwa na hasira, na kila aliyemwambia atulie mwezi ule alijuta. Miaka thelathini na moja alichora nyumba katika kampuni moja ya hapo Kuopio, mji wa nchi ya barafu, kisha bosi wake, Saarela, akamwambia picha zake zimepitwa na wakati. Wakamuaga kwa shada la maua. Maua, jamani!

Akaanza kazi yake mwenyewe sebuleni. Wakazi wa jengo moja la ghorofa sita walitaka kuona ua wao utakavyokuwa ukishakarabatiwa, na walitaka picha inayotembea, siyo mistari kwenye karatasi. Saarela naye aliiomba kazi hiyohiyo. Mwisho wa kupeleka picha ni Alhamisi saa tisa alasiri, ukichelewa, umejitoa.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, kwa hiyo alinunua kadi mpya ya michoro, kubwa, yenye feni zake tatu, akaichomeka mwenyewe. Ilichora vizuri ila ilitoa joto la kukaangia mayai. Hapo ndipo alipomwita mdogo wake Ensio, mjenzi wa nyumba, aongeze feni mbili kwenye kasha la kompyuta. Ensio akazifunga mbele, zikipuliza ndani, akanywa kahawa vikombe vinne, akaenda zake.

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa inazimika kila baada ya dakika kumi. Raili alibadilisha waya, akamtukana muuzaji wa kadi kwenye simu, mtu wa watu asiye na kosa. Alhamisi asubuhi alimwita tena Ensio, na kabla hajafika akalifungua kasha kwa bisibisi.

Utepe mweusi! Kila tundu la kutolea hewa, juu na nyuma, limezibwa kwa ndani kwa utepe ule wa kuzibia kuta za nyumba, umebanwa kwa kidole bila hata mkunjo.

Ensio alipoingia, aliulizwa kabla hajavua koti. Akajibu bila wasiwasi kwamba aliziba ili ubaridi wa feni usivuje.

"Dada, miaka arobaini naziba nyumba. Ikivuja, umepoteza kila kitu."

"Hii ni nyumba? Nani amepanga humu, Ensio?"

Raili alibandua utepe wote, akawasha. Feni moja ya kadi ilikuwa imekwama kwa joto la siku zile, haizunguki hata kwa kusukumwa. Kompyuta ikazimika tena. Ilikuwa saa tano, na picha ilihitaji muda wa saa tatu.

"Saarela alinifukuza," alisema Raili, "lakini wewe ndiye umenimaliza."

 Ensio aliivuta meza yenye kompyuta hadi kwenye mlango wa roshani, akaufungua wazi kabisa. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Mtu huyu hugomba mlango ukiachwa wazi hata kwa kumpitisha paka.

Kompyuta ikawaka, haikuzimika. Walikaa na makoti na kofia, kahawa ikiganda vikombeni. Saa tisa kasoro dakika kumi picha ilikwenda, na jibu likaja kwamba imepokelewa. Raili akalia kwa hasira.

Ensio akainuka, vidole vimekufa ganzi, akashika kitasa.

"Nifunge?" aliuliza.

"Uache," alisema Raili. "Leo utakaa uone baridi."

Akakaa.