Kaa wa Mahari

Shule niliachia darasa la pili, lakini mnyama wa mahari simpokei bila kumkagua. Kijana mmoja wa kwetu Kivu, anayesoma mambo ya bahari kule Mbarara, alipokuja hapa Kashojwa, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kumposa binti yangu, nilimwuliza anafuga nini.

"Sifuge kitu, papa. Ninasoma kaa-mfalme. Anaishi bahari ya baridi, chini kabisa, fasi jua haifike."

"Umeshamwona?"

"Kwa simu tu."

"Basi tumukague," akasema mdogo wangu.

Binti yangu akaanza kulia nyuma ya pazia. Sisi wazee tukaizunguka simu. Kaa alikuwa mpana kama sufuria ya harusi, miiba mwili mzima. Mdogo wangu akamkagua miguu, kama tunavyomkagua ng'ombe.

"Kaa wa ziwa Tanganyika ana munane, ukiacha makucha. Huyu ana sita. Unatuletea kilema?"

"Ile miwili ni midogo, papa, anaificha chini ya gamba. Babu zake walijificha ndani ya magamba ya konokono. Wakaacha zile nyumba, wakashuka kwenye giza na baridi, wakakuwa bakubwa hivi."

Mimi nilifika Nakivale na turubai moja; leo duka langu ni la matofali.

"Huyu ni mukimbizi mwenzetu," nikasema. "Tumepokea. Binti, acha kulia, leta chai."

Ukiniuliza leo mahari ya binti yangu iko wapi, nitakujibu: iko malishoni, chini ya bahari, na haihitaji mchungaji.