Niliing'oa ndago yote kwenye gazoni, na shangazi akaondoka

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Wakuu, salamu kutoka Gasenyi, Bujumbura. Kisa hiki kiliniingia kwa masikio kwanza. Kila Ijumaa alfajiri, nikiwa bado kitandani, kitu kilikuwa kinakwaruza udongo nje ya dirisha. Nilidhani ni kuku wa jirani.

Nayasimulia yalivyokuwa, hata pale yanaponiaibisha.

Tulikuwa tunakaa na shangazi yangu, Mwajuma. Mumewe alipofariki alibaki peke yake Buyenzi, na presha ilishamwangusha bafuni. Mimi na mke wangu tulimbembeleza sana aje kwetu. Alipokubali, nilitaka kitu kimoja tu: akae, asijione mgeni.

Sasa, gazoni. Nilipanda nyasi ya paspalum mbele ya nyumba, nikaipenda kupita kiasi. Mvua zilipoanza, nikaona majani nisiyoyapanda.

Kwa wenye tatizo kama langu: urucaca ni gugu lenye jani jembamba, na mbegu zake zimetawanyika kama vidole vya ndege. Huo utaujua tu. Inayosumbua ni ndago, maana kwa mbali inafanana na majani mengine. Vingirisha bua lake kati ya vidole: lina pembe tatu. Ukikata gazoni, siku chache tu yenyewe imeshawapita wenzake. Na chini ya udongo ina viazi vidogo vyeusi, vimefuatana kama tasbihi.

Niliikuta imejaa pembeni, karibu na robine, bomba la maji. Nilifurahi, wakuu. Nilijiona mtaalamu.

Shangazi alikuwa ameenda Buyenzi kwenye msiba. Nikachimba, nikachekecha udongo wote, nikaianika ile takataka juani mpaka ikakauka. Siku aliyorudi ndiyo niliyoitia moto.

Moshi ulipopanda, nikasimama.

Ilikuwa harufu ya shangazi. Harufu ya kanga zake za Ijumaa, ya mtandio wake, ya chumba chake akifungua mlango. Miaka yote nilidhani ni udi wa dukani.

Mke wangu akatoka jikoni, akanusa, akatazama dirisha la shangazi.

Shangazi alinikuta na reki mkononi. Harufu alishaipata getini. Aliinama, akaokota kiazi kimoja kilichokuwa hakijaungua, akakipangusa. Ndipo akanieleza. Mbegu alipewa na mama mkwe wake alipoolewa. Alizihamishia kwangu ndani ya kopo la maziwa, akazipanda. Kila Ijumaa alichimba chache kwa kijiko; zikikauka, anaziponda na kuzitia kwenye chetezo, kama alivyopenda marehemu mumewe. Na ule uwanja wa nyumba yao Buyenzi, alikozitoa, siku hizi ni gereji, saruji tupu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia namna gani, mwanangu? Kila siku we ni majani yangu, majani yangu. Nikasema, mi nitumie kidogo tu, pembeni."

Nikaomba radhi. Mke wangu naye akaomba.

"Apana, sijakasirika," akasema. "Umesafisha kwako."

Tangu aje alikuwa anasema "kwetu".

Ijumaa iliyofuata hapakuwa na kwaru kwaru. Akaanza kukunja nguo zake. Tulimbembeleza tena, tukamkumbusha presha. Akasema rafiki yake wa Buyenzi ana chumba, na huko watu wanamjua.

Nilichojifunza: kabla hujaliita jani baya, muulize kila anayelala nyumbani mwako. Wote mnalalamika humu kundini kwamba ndago haiishi. Yangu imeisha, kwa sababu niliifanya kazi vizuri. Paspalum imefunga mpaka kwenye robine, kijani kibichi, na siwezi kuitazama.

Mwenye ndago kwake inayomkera, aandike hapa chini. Nitakuja na jembe langu. Na mwenye kujua kama mtu hurudi kwa kopo moja la mbegu, aniambie ukweli.

Asubuhi aliyoondoka alikataa nimbebee mfuko. Kile kiazi kimoja alikuwa amekifunga kwenye pindo la kanga. Akapita kando ya gazoni, asiikanyage, akatoka, na mlango mdogo wa geti akaufunga mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa watu waliolala.