Mwanangu Alikuwa Akinitoroka Dirishani Kwenda Kusoma kwa Jirani

Mtoto kutoroka shule nimeshaona. Nimewafukuza wengi tu nyuma ya vyoo.

Lakini mtoto kutoroka nyumbani kwao kupitia dirisha la jikoni ili akasome hesabu, hilo nimeliona kwangu peke yangu.

Tena hesabu zilezile ambazo mimi mama yake nikimwekea mezani, machozi yanamtoka.

Tena akasome kwa nani? Kwa fundi cherehani ambaye hata shule ya msingi hakuimaliza.

Na mimi, msinicheke, ni mwalimu.

Nafundisha darasa la kwanza, huu mwaka wa kumi na moja. Binti yangu tunamwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, kwenye shule hiyohiyo ninayofundisha.

Siku ya kufunga shule kwa likizo ndefu, mkuu wa shule akaniita ofisini. Akasukuma karatasi upande wangu.

"Mwalimu, hesabu mwanao kapata kumi na tisa."

"Kwa ishirini?" nikauliza, nimeshaanza kutabasamu.

"Kwa mia."

Tabasamu likaniganda mdomoni.

"Siku ya kufungua nitampa mtihani mwingine," akasema. "Asipofika hamsini, anarudia darasa. Sitampendelea kwa kuwa ni wako. Wazazi wengine watanila nyama."

Nikatoka pale. Mtoto wa mwalimu arudie darasa! Nitaingiaje chumba cha walimu? Yule mwenzangu wa darasa la tano anavyopenda umbea, si atanimaliza?

Nikapiga moyo konde. Nikasema likizo hii hakuna kulala, hakuna kucheza. Jioni hiyohiyo nikabandika ratiba ukutani. Saa mbili asubuhi, kujumlisha. Saa tatu, kutoa. Saa nne, mapumziko ya robo saa. Saa nne na robo, kuzidisha. Mchana, marudio ya asubuhi. Jioni, marudio ya mchana.

Baba yake, ambaye ni fundi umeme, alirudi kazini akaisoma ile ratiba huku anavua viatu.

"Mama Kidoti, hii ni likizo au mtoto kafungwa?"

"Wewe kakate nyaya zako. Mambo ya elimu niachie mimi."

Wiki ya kwanza ikaenda hivyo. Mimi na mjeledi wa mdomo, yeye na penseli na kamasi. Nikimuuliza saba mara nane, anatazama dari. Nikipandisha sauti, anasema hamsini na tisa. Nikipandisha zaidi, anasema anataka kwenda chooni.

Wiki ya pili, robo saa ya mapumziko ikaanza kurefuka.

Mara ya kwanza nilidhani yuko bafuni. Mara ya pili nikatafuta nyumba nzima mpaka chini ya kitanda. Mara ya tatu nikakuta dirisha la jikoni liko wazi, na ndoo imegeuzwa chini yake. Nikachungulia nje.

Sisi ni wapangaji, nyumba sita zimezunguka ua mmoja, geti moja. Ng'ambo ya ua, mkabala na jiko langu, anakaa fundi cherehani. Hana mume, hana mtoto, watoto wa pale wanamwita Anti Uzi. Barazani kwake nikaona vichwa kama kumi vimeinamiana juu ya mkeka. Katikati ya hivyo vichwa kuna vile vitepe vya njano nilivyomsukia Kidoti kichwani Jumapili.

Na kicheko. Jamani, kile kicheko!

Sikuwa nimemsikia mwanangu akicheka hivyo tangu mwaka uanze.

Nikaenda kumchukua. Nilipokanyaga tu pale barazani, kelele zikakatika. Watoto wote wakasimama.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Kidoti, twende."

Nikamwona anasukuma daftari chini ya rundo la vitambaa. Haraka haraka, jicho linanitazama pembeni. Anti Uzi naye akasimamisha cherehani, akanitolea meno yote.

"Karibu Mwalimu! Tuko kwenye kugawanya hapa. Vifungo arobaini na nane, shati moja linakula sita, tunashona mashati mangapi?"

"Manane!" wakaitikia wote, na sauti ya wangu ikiwa juu kuliko zote.

Manane. Jana yake nilimuuliza arobaini na nane gawanya kwa sita, akalia mpaka akapaliwa.

Sasa mama mwenye akili timamu angefurahi. Angemshukuru jirani, angeomba na mkeka mdogo akae hapo.

Mimi nilifura.

Ngoja niseme ukweli, hapa hakuna anayenijua. Niliona wivu. Sio ule wivu mdogo wa kumwona mwenzako na gauni jipya. Ulikuwa wivu wa kukosa usingizi. Mimi nina cheti, nina miaka kumi na moja ya chaki, nimebeba hiyo mimba miezi tisa. Yeye ana nini? Ana vifungo na mabaki ya vitambaa. Na mwanangu anaruka dirisha kumfuata yeye.

Nikaanza kumchunguza yule fundi. Kidoti akiruka dirisha namwacha, nijue kuna nini kule. Naosha vyombo, jicho liko kule. Napika, jicho liko kule, mboga zikaungua siku mbili mfululizo. Leo wanapimana urefu kwa futi ya kupimia nguo, wanachora chaki ukutani. Kesho wanakata karatasi za mitindo vipande vipande, nusu, robo, thumuni. Keshokutwa wanarusha vifungo kwenye bakuli na kuandika alama. Mimi kwa mbali naona mgongo wa Anti Uzi tu na watoto wamemzunguka.

Usiku mmoja wakati wa kula, Kidoti akamwambia baba yake, "Anti Uzi anasema mimi nina kichwa cha hesabu."

Kijiko kikanidondoka.

Baba yake akacheka. "Si ndiyo vizuri? Hata wewe utapumua, Mama Kidoti."

Nipumue wapi! 

Asubuhi yake nikamwona mtoto mmoja wa pale, kashika sindano, anajifunza kutia kifungo kwenye kitambaa kibovu. Nikapata pa kushikia.

Nikampitia mama wa nyumba ya kwanza, anayeuza mitumba. "Hivi unajua watoto wetu wanashoneshwa vifungo kule? Bure kabisa. Fundi kapata wafanyakazi wa likizo."

"Acha bwana!"

"Nimeona kwa macho yangu. Na sindano zile, mmoja akitobolewa jicho?"

Nikaenda nyumba ya pili. Ya tatu nikatia chumvi kidogo. Ya nne sikuhitaji kwenda, habari ilinitangulia.

Na kwa kuwa aliyesema ni mwalimu, nani abishe?

Mchana huohuo baba wa nyumba ya tano, dereva wa lori, mtu mzima na kifua chake, akasimama katikati ya ua akamwaga maneno. Kwamba mwanamke hana wake anataka kuwatumikisha wa wenzake. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona Anti Uzi akisimama pale mlangoni, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akakunja mkeka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Lile neno la kutokuwa na mtoto sikulitoa mimi. Lakini njia nilimfungulia mimi.

Nilishinda. Kidoti akarudi mezani. Dirisha hakuruka tena, nikimwambia kaa anakaa, nikimwambia andika anaandika. Ila alikaa kama mgeni anayesubiri kuondoka. Nikimuuliza saba mara nane, ananyamaza tu. Halii, hajibu. Kwa siku sita sikusikia sauti yake zaidi ya "ndiyo mama" na "hapana mama".

Mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa.

Siku ya saba, kwenye saa kumi hivi, mlango ukagongwa. Kufungua, ni Anti Uzi. Kashika mfuko wa nguo. Nikajua leo ni leo, kaja kunianika.

"Habari za mchana, Mwalimu. Sitakaa. Nimekuletea kazi zako, nisije nikakuharibia."

"Kazi zangu zipi?"

"Si haya maandalio yako? Kidoti aliyaacha kwangu siku ile ya vurugu. Nikasema Mwalimu atayahitaji shule ikifunguliwa."

Nikafungua mfuko. Ndani mna daftari limeshonwa kwa uzi, la karatasi za kukatia mitindo. Nikafunua ukurasa wa kwanza.

Kwa asiyejua, mwalimu hatakiwi kuingia darasani bila andalio la somo. Unaandika tarehe, mada, zana, hatua za somo, na mwisho unaandika tathmini, yaani somo limekwendaje. Nimeandika maelfu. Haya yalikuwa kwa mwandiko wa Kidoti.

*Darasa: Baraza. Mada: Kugawanya. Zana: Vifungo 48. Mwalimu: Mama.*

Nikafunua mwingine. *Mada: Vipande. Zana: Karatasi, mkasi wa Anti. Mwalimu: Mama. Tathmini: Wamecheka wote. Wawili wamekosa. Tutarudia kesho bila kuwagombeza.*

Mwingine tena. Kurasa kumi na nne. Zote mwalimu ni Mama.

"Mimi nilikuwa nashona tu," Anti Uzi akasema. "Yeye ndiye anafundisha. Kila akifika ananiambia, 'Mama kasema leo tunafanya kuzidisha.' Nikasema huyu mwalimu ana moyo, kazi zimembana lakini anatuma masomo kwa watoto wa majirani. Wateja wangu wote wanakujua kwa sifa."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Na mimi nilikuwa nafuatisha," akaongeza, kasauti kadogo. "Kugawanya nilikuwa sijui. Sasa nikikata kitambaa hakinipotei."

Hapo nikamwambia. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilimwambia palepale mlangoni. "Yale maneno ya vifungo niliyasambaza mimi."

 Hakutukana wala hakulia. Akasema, "Ungeniuliza, Mwalimu," akageuka, akavuka ua.

Heri angenipiga kofi.

Nikaingia ndani. Kidoti alikuwa mezani, akaliona lile daftari mkononi mwangu.

"Mama usinipige."

"Sikupigi. Kwa nini ulisema mimi ndiye mwalimu?"

"Kwa sababu ilikuwa michezo yako."

"Yangu? Lini?"

"Ya darasa lako. Kule unawahesabisha vizibo, unawapima kwa kamba, unawakatia karatasi. Mimi nikipewa ruhusa ya kwenda chooni napita dirishani kwako." Akafuta pua kwa mkono. "Unawachekesha. Mmoja akikosa unamwambia karibu upatie. Mimi sijawahi kuambiwa karibu upatie."

Nikakaa chini. Kiti kilikuwepo, lakini nilikaa sakafuni.

"Nawaonea wivu mama," akasema. "Nikawa najifanya wewe, ili na mimi niwe kwenye darasa lako."

Wiki tatu nilikuwa namtafuta mwanamke aliyeniibia mwanangu. Kumbe ni mimi, yule wa shuleni. Yule wa nyumbani ndiye aliyekuwa akikimbiwa.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka kama filamu. Nilipita nyumba zote kuyafuta maneno yangu, moja baada ya nyingine. Mama wa mitumba alinisonya. Dereva wa lori hakumrudisha mwanawe, na Anti Uzi naye hadi leo hamsalimii dereva huyo. Mimi ananisalimia, lakini ile "Karibu Mwalimu!" ya meno yote sijaisikia tena.

Baraza lilifunguliwa siku tano kabla ya mtihani, na watoto saba. Nilimwomba Anti Uzi nikae pale. Akasema nimuulize mwenye darasa.

Mwenye darasa akaonyesha pembe ya mkeka. "Kaa pale. Na usijibu kabla hujanyoosha mkono."

Mtihani alipata hamsini na saba. Chumba cha walimu hawakunipigia makofi, na wala sikuwa na haja nayo.

Mzazi mwenzangu, mwalimu mwenzangu, daktari, muuguzi, wewe unayesifiwa huko kazini kwa upole na ucheshi: likizo hii mwanao anataka kidogo tu cha kile unachowapa watoto wa wenzako. Toa vifungo, toa vizibo, vunja ratiba, kaa naye chini. Na ukimwona anafurahi kwa jirani, kabla hujaanza kugonga milango ya watu, mwite umuulize amekwenda kutafuta nini. Mimi ningeuliza siku ile ya kwanza, leo kuna mwanamke ng'ambo ya ua asingekuwa anafunga mlango wake mapema.